Duara la Mashuka

Katibu wa hospitali aliporudi kutoka mafunzo ya wiki mbili, hakurudi mtu yule yule. Aliondoka na begi moja akarudi na mawili, la pili limejaa kalamu za rangi, na kabla hajasalimia mtu alibandika ukutani duara kubwa lililogawanywa mara nne: Panga, Tekeleza, Kagua, Rekebisha. Mhudumu wa ofisi alipouliza kama hiyo ndiyo ratiba mpya ya chakula cha wagonjwa, alipewa maelezo ya robo tatu ya saa, amesimama na sinia ya chai mkononi.

Duara lilihitaji tatizo, na tatizo halikuwa mbali. Hospitali ilikuwa na vitanda mia mbili na kumi, na kwa mujibu wa stoo ilikuwa na mashuka mia sita. Hata hivyo, kila asubuhi ikifika saa tatu, wagonjwa kadhaa walikuwa wamelala juu ya godoro tupu la mpira, migongo imewanata, huku wauguzi wakipiga simu chumba cha kufulia kulalamika. Aliyezipokea simu hizo alikuwa msimamizi wa ufuaji, mama wa makamo ambaye kwa miaka kumi na tisa alikunja nguo kwa unadhifu kiasi kwamba hospitali nzima ilimwita Bi Mkunjo. Alikuwa na wafuaji wanne, mashine mbili za kufulia, moja ya kukaushia, na jibu moja alilolirudia mpaka likaisha ladha: hawezi kufua shuka ambalo halijaletwa.

Kamati ya Uboreshaji ikaundwa. Katibu mwenyewe alikuwa mwenyekiti, wakawemo daktari mmoja, mtunza stoo, ofisa wa takwimu na Bi Mkunjo. Yeye aliwekwa, Katibu alieleza kwa adabu zote, kwa sababu ni vizuri tatizo liwepo mezani likijadiliwa.

Kikao cha kwanza kilifanyika kwenye ukumbi mdogo, viti vimevishwa vitambaa vyeupe na kufungwa fundo la maua mgongoni. Bi Mkunjo alipoketi, vidole vyake vilijua kabla ya macho. Kile kitambaa kilikuwa shuka la hospitali. Akahesabu kimyakimya: viti ishirini, meza nne kila moja mashuka mawili, jumla ishirini na nane. Akanyoosha mkono. Katibu akamwambia maoni ya namna hiyo hupokelewa hatua ya tatu, na wao bado wako hatua ya kwanza.

Hatua ya kwanza waliikalia wiki saba. Walichora samaki, kila mfupa wake ukiwa sababu ya uhaba wa mashuka, na mifupa ikawa mingi hadi ikabidi kuunga karatasi nyingine kwa gundi. Daktari alihudhuria mara moja, akaandika “hali ya hewa” karibu na mkia, akaondoka. Ofisa wa takwimu alitumia kikao kizima kuupaka mkia huo rangi ya kijani. Mwishowe chanzo kilipigiwa kura, na kwa kura tatu kwa moja ikathibitika kwamba mashuka yanakosekana kutokana na mtazamo hasi wa watumishi wa ufuaji. Bi Mkunjo aliombwa asaini, kama mwenye chanzo.

Kutekeleza kukawa fomu. Kila furushi la mashuka sasa liliandikiwa nakala tatu, na sahihi ya anayetoa, anayepokea na shahidi. Mashuka yaliyokunjwa saa mbili yalibaki kwenye toroli hadi saa tano yakimngoja shahidi. Ilipofika hatua ya kukagua, ofisa wa takwimu alionyesha mchoro unaoshuka kama ngazi: malalamiko yalikuwa arobaini kwa wiki, sasa ni sita. Hapakuwa na uongo. Ni kwamba siku hizi kulalamika nako kulitaka fomu, na fomu hiyo ilipatikana stoo, Jumanne tu. Kamati ilipiga makofi, ikaingia hatua ya kurekebisha, ikaongeza nakala ya nne.

Bi Mkunjo alirudi nyumbani siku hiyo amevimba. Mumewe, seremala asiyependa maneno mengi, alimsikiliza mpaka mwisho akamshauri achukue likizo. Ushauri huo haukumsaidia. Kilichomsaidia alikikuta Jumamosi, alipokuwa akitoa godoro la mama mkwe wake kulianika juani. Chini yake, vimepangwa kama matofali, alikuta vipande tisa vya sabuni. Kwa miezi mitatu nyumba hiyo ya watu saba ilikuwa ikigombana kila siku kuhusu sabuni inayoyeyuka bafuni bila kutumika.

“Mama, mbona sabuni zote ziko huku?”

“Nikiiacha bafuni, mwanangu, kesho nitaikuta?”

“Bafuni haipo kwa sababu iko huku.”

“Na huku nimeiweka kwa sababu bafuni haipo,” mama mkwe alisema, bila haya hata kidogo.

Bi Mkunjo akaketi kwenye chaga za kitanda. Alitaka kukasirika, hasira zikakataa kuja. Badala yake aliziona wodi zote sita, moja baada ya nyingine, na kila wodi aliiona ina kabati, na kila kabati lina ufunguo.

Jumatatu akapanda wodi namba tatu, akiwa hana hata fomu moja mkononi. Muuguzi kiongozi wa pale aliitwa Sista Kufuli, kwa kuwa funguo zake zilisikika kabla yake. Kwa miaka minne hawa wawili walikuwa wakigombana kwenye simu na hawajawahi kuketi pamoja. Bi Mkunjo hakumshtaki kwa lolote. Alimsimulia habari ya sabuni. Sista Kufuli alicheka hadi akashika meza, kisha kicheko kikamkatika. Akafunga mlango, akachagua ufunguo, akafungua kabati. Mashuka yalikuwa yamejaa toka chini hadi juu, yamebanana hata kidole kisingepita. Baadaye yalihesabiwa, yakawa sabini na matatu.

“Usinitazame hivyo,” alisema. “Mgonjwa akitapika alfajiri, nyie mko majumbani. Nikikosa shuka ninayetukanwa ni mimi, halitukanwi duara.”

“Ungekuwa unapata thelathini kila siku saa moja asubuhi, ungelihitaji kabati hili?”

“Ahadi hiyo naisikia tangu niko chuoni.”

“Nipe wiki mbili, wodi yako peke yake. Kabati lifunge, siligusi. Nikikosa siku moja, njoo uniambie usoni.”

Bi Mkunjo alitafuta daftari akalichora mistari: tarehe, saa ya kufikisha, mashuka mangapi yamepanda, mangapi machafu yameshuka, na kilichoharibika. Hakulipa jina. Siku ya kwanza mashuka thelathini yalifika saa moja. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu yalifika kumi na tisa, tena saa mbili na nusu, na Sista Kufuli akashuka ngazi na funguo zake kumwambia usoni, mbele ya wafuaji wote.

Alipoondoka, Bi Mkunjo aliwakusanya wale wanne akawauliza kilichotokea. Mashine ya kukaushia haikuwa na nafasi. Kwa nini? Ilikuwa na makoti ya madaktari. Kwa nini makoti asubuhi? Kwa sababu makoti hutangulia siku zote. Kwa nini hutangulia? Mfuaji mkongwe kuliko wote akakuna kichwa, akakumbuka kwamba lilikuwa agizo la mganga mkuu mmoja wa zamani sana, ambaye alipenda kuvaa koti likiwa bado lina joto. Mganga huyo alistaafu kabla wafuaji wawili kati ya wale wanne hawajaajiriwa. Agizo halikustaafu naye.

Kuanzia kesho yake mashuka yakatangulia, makoti yakasogezwa mchana. Daktari wa kamati alishuka na koti lililojikunyata kama karanga, akatishia kulipeleka suala hili mbele. Bi Mkunjo akamjibu kwa upole kwamba fomu ya malalamiko inapatikana stoo, Jumanne.

Siku kumi na moja zilizofuata daftari halikuwa na cha kuandikwa kwenye safu ya mwisho. Siku ya kumi na mbili toroli mbili zilishuka kutoka wodi namba tatu bila kuombwa. Ndani yalikuwemo mashuka ya kabatini, na juu yake Sista Kufuli alikuwa ameweka ujumbe kwamba amebakiza kumi ya dharura na asiulizwe. Hakuulizwa. Kwa mashuka hayo Bi Mkunjo aliweza kuahidi wodi namba mbili, na namba mbili ilipofungua kabati akaweza kuahidi namba nne. Kwenye wodi ya wazazi mashuka yalitoka ndani ya jokofu bovu. Miezi miwili ilipopita, hapakuwa na mgongo unaonata kwenye mpira, na hesabu ilifika mia tano sabini na mbili.

Ishirini na nane yaliyobaki alijua yaliko. Alimwendea Katibu kuyaomba. Katibu alimtazama kama mtu aliyeombwa figo. Yale, alisema, si mashuka ya wagonjwa tena, ni mashuka ya uboreshaji, na wakaguzi kutoka makao makuu wanakuja wiki ijayo kuona uboreshaji wenyewe. Wangekaa juu ya nini?

Wakaguzi walikuja watatu. Katibu aliwaonyesha samaki, akawaonyesha duara, akawaonyesha mafaili ya fomu zenye nakala nne, na mwisho akawaonyesha mashuka, jinsi yalivyojaa. Kiongozi wa wakaguzi, mama mwenye magoti mabovu aliyewahi kuwa muuguzi, aliomba kuona wodi. Alipofika namba tatu alimwuliza Sista Kufuli fomu hizi hujazwa na nani.

“Tuliacha kuzijaza,” Sista Kufuli alisema. “Ndipo mashuka yakaanza kufika.”

Katibu akadakia haraka kwamba hiyo ndiyo hasa hatua ya nne. Yule mama alimgeukia Bi Mkunjo, aliyekuwa amesimama nyuma na toroli, akamwuliza alifanyaje.

“Niliuliza kwa nini wanaficha,” Bi Mkunjo alisema. “Halafu nikawaondolea sababu.”

Mkaguzi akaandika. Bi Mkunjo aliona kwa macho yake akiandika, na kwa miezi mitatu aliishi na tumaini la maandishi yale. Ripoti ilipotoka ilisifu uongozi shupavu wa kamati na matumizi ya fomu za kisasa. Katibu akapandishwa cheo, akapelekwa makao makuu kufundisha duara kwa hospitali nyingine thelathini. Bi Mkunjo alipewa cheti ambacho jina lake lilikosewa herufi mbili.

Ilimuuma, asiseme mtu haikumuuma. Nyumbani alikata kitunguu muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji. Mumewe alikichukua kile cheti, akakitazama, akauliza kama anataka akitengenezee fremu. Akasema hapana. Basi mumewe akakikunja akakitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba, na Bi Mkunjo, bila kutaka, akacheka.

Mtunza stoo akakaimu ukatibu. Kitu cha kwanza Bi Mkunjo alichomwomba ni yale mashuka ishirini na nane, na bwana yule, aliyekuwa amechoka kuchapa nakala, aliyavua mwenyewe. Chini yake viti vilikuwa vimechanika, sponji nje na misumari imechomoza, na alipoitisha kikao cha kamati wajumbe walikaa dakika sita. Akamwuliza Bi Mkunjo wakutane tena lini.

“Tukikwama,” alisema.

Kaimu akaliandika hilo kwenye muhtasari kama azimio.

Hawajakutana tena. Daftari limejaa, limenunuliwa la pili, na kila Jumatatu wodi zinahesabu zenyewe. Wiki moja wodi ya watoto ilileta hesabu pungufu, na kabla Bi Mkunjo hajanyanyua simu, muuguzi wa pale alishuka na mashuka kumi na moja mikononi, uso umemwiva.

“Nilianza kuficha tena,” alisema. “Wiki iliyopita umeme ulikatika siku mbili mfululizo, nikaogopa.”

Bi Mkunjo akayapokea, akayaweka kwenye toroli, akamsogezea kiti. Kisha akafungua daftari kwenye safu ya mwisho, akaandika “umeme”, akamwuliza wodini kwao huwa wanafanyaje unapokatika.