Fainali Iliyotangazwa Ghorofani

Zamani, redio ilipokuwa ingali changa, mtangazaji wa mpira hakulazimika kwenda uwanjani. Aliletewa telegramu ya maneno mawili matatu, naye akaikuza ikawa mechi nzima, mwenzake akigonga ubao kuigiza shuti. Mtindo huo ulikufa kitambo. Aliyeufufua ni Tonton Bienaimé, "mjomba" wa mtaa mzima, mwenye kituo kidogo cha redio pale Anderlecht, Brussels, maana televisheni za Ubelgiji hazikuwa na habari na fainali ya Lubumbashi na Kolwezi kule Kongo. Wasikilizaji, Wakongo wa mtaa ule, walijua fika kwamba mtangazaji yuko ghorofani, na wala hawakujali.

Jumapili hiyo tonton alikuwa na mafua. Mignonne, msusi aliyeililia maikrofoni kwa miaka, akapewa kiti chake kwa shingo upande, koti la tonton likiwa bado limetundikwa mgongoni mwa kiti.

"Bon, mutoto wangu," tonton alisema kwa sauti iliyokauka, "mpira inapenda sauti ya mwanaume. Ukikwama tu, Lucien anashika micro. Na kiti njo itakuwa yake."

"Sitakwama, tonton."

Lucien, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga mpira wa ngozi kwa kiganja kila shuti linapotajwa, akatabasamu. Mwache atabasamu.

Ujumbe wa simu kutoka kwa Dady, binamu yake Mignonne aliyekuwa uwanjani, ulikuwa mkavu: "Kona. Kolwezi." Mignonne akautia jua, vumbi na matusi ya mashabiki. Mambo yakanoga. Dakika za mwisho, timu zikiwa sare ya bao moja kwa moja, jumbe zikakatika.

Lucien akanyoosha mkono kwenye maikrofoni. Mignonne akausukuma. Kutunga bao ni mwiko, na kunyamaza ni kukiaga kiti. Basi akautoa mpira nje. Ukarushwa, akautoa tena. Kipa akainama kufunga kamba za viatu, taratibu, mwamuzi akamfokea kipa, na Mignonne akamfokea mwamuzi! Jasho lilimtoka, lakini alikuwa na raha ambayo hajawahi kuionja.

Simu ikatetemeka. "Bao. Lubumbashi. Kichwa. Imekwisha."

Hakukurupuka. Akaurudisha mpira ndani, akaupeleka kulia, akapiga krosi. Lucien mwenyewe alishindwa kuvumilia. Akauchapa mpira kwa nguvu zote na kuruka juu.

"Gooooool!" Mignonne akapaza sauti.

Mtaa mzima ukaitikia madirishani. Tonton Bienaimé alishangilia mpaka sauti ikamwisha kabisa. Akaondoa koti lake mgongoni mwa kile kiti, akalitundika ukutani.