Mvinyo wa Arishati

Asubuhi ya kwenda kuhukumiwa, Abdeshmuni hakuwa na hamu ya kula, lakini mkewe hakutaka kusikia. Alimwekea uji wa ngano wenye jibini na asali, kisha akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Maliza, Baba Safani. Kama ni kukutundika, wakutundike umeshiba."

"Mdomo wako huo, Arishati!"

"Ndio huohuo uliouoa. Kula."

Akala. Alikuwa amechoka mno kubishana, na ukweli ni kwamba alikuwa amechoka muda mrefu. Miaka yote ile huko Sisilia alikuwa akipigana na Warumi kwa niaba ya wakubwa wa Karthago, na mwisho wake Warumi walimzingira kwenye ngome ya mlimani hadi askari wake wakachemsha mikanda yao wakaila. Aliomba chakula kutoka nyumbani mpaka akaona haya kuomba. Hakuna merikebu iliyokuja. Basi akapatana na adui: chukueni ngome, niachieni watu wangu. Watu wakatoka hai. Lakini jemadari wa Karthago anayeacha ngome lazima ajieleze mbele ya Baraza la Waamuzi, na waamuzi hao, ambao wengi wao hawajawahi kulala bila godoro, ni wepesi sana wa kumtundika mtu msalabani.

Pale pembeni mwa chumba ulikuwapo mtungi uliozibwa kwa lami. Mwaka ule alipoondoka, Arishati alianika zabibu juani, akawa anazifunika kila jioni zisipate umande, akazikamua na kuuhifadhi mvinyo wake. Alimwambia ataufungua siku atakayorudi. Amerudi, na mtungi bado umezibwa. Kwa sheria ya kwao, mtu aliye vitani haonji mvinyo, awe mbeba mikuki au jemadari; ni maji tu. Na Abdeshmuni alikuwa hajaachiliwa bado.

"Hata ndani ya nyumba yako?" Arishati alikuwa amemuuliza jioni ile aliposhuka merikebuni.

"Mpaka Baraza liniachie, mimi niko vitani."

"Kumbe! Mimi nilikuwa namngoja mume, wameniletea jemadari."

Maneno yale yalimuuma, maana hata yeye alikuwa akimngoja huyo mume. Hakutaka sifa wala shamba. Alitaka aambiwe nenda nyumbani, akae na mkewe, anywe kikombe kimoja, alale mpaka achoke kulala. Kama si hivyo, basi msalaba. Alishazikubali njia zote mbili moyoni.

Barazani aliyemsomea hukumu alikuwa Gerashto, ambaye ujanani walilala naye hema moja huko Libya. Siku hizi Gerashto alikuwa mnene, akibebwa kwenye kiti na watu wanne.

"Ndugu yangu, furahi. Hatukukuona na hatia."

Abdeshmuni akafumba macho.

"Sasa," Gerashto akaendelea, "kule Hispania kuna machifu wameanza jeuri. Merikebu zinapakia. Tumeona hakuna anayefaa kama wewe."

"Gerashto, mimi nimechoka."

"Nani hajachoka?"

"Nimechoka kweli, ndugu yangu. Niacheni."

Gerashto akainama, akashusha sauti. "Aliyekutangulia kesi yake ilikwisha jana. Ukitoka nje utamwona, bado hawajamshusha. Ukikataa, kesi yako itasikilizwa upya, na mimi sitakuwa na la kusema. Haya, lete mkono."

Kwao kila anayetumwa vitani huvishwa bangili, na mkono wa kushoto wa Abdeshmuni ulikuwa umejaa mpaka karibu na kiwiko. Wakamvisha nyingine. Alipotoka nje hakuinua macho.

Habari za hukumu zilimtangulia, na kama kawaida ya habari, zilifika nusu. Alipokaribia nyumbani alisikia vigelegele. Binti yake Safani, aliyeolewa baba yake akiwa Sisilia, alikuwa amekuja na mtoto mgongoni, na majirani walikuwa wamejaa uani. Arishati alikuwa ameshabomoa lami kwa mchi. Nyumba nzima ilinukia zabibu.

"Hana hatia mume wangu!" alikuwa akisema, huku machozi yanamtoka. "Si niliwaambia? Haya, jemadari, wamekuachia. Njoo unywe!"

Akamtilia kikombe. Abdeshmuni alikipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto akiuficha ndani ya joho. Akakinusa. Alitamani kulia mbele ya wale watu wote.

"Mama Safani," akasema, "nipe maji."

Vigelegele vikakatika. Arishati alimtazama, kisha akalivuta joho. Bangili mpya ikang'aa kati ya zile za zamani zilizofubaa.

"Wapi?"

"Hispania."

"Hukuwaambia umechoka?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Wakauliza nani hajachoka."

Arishati akamnyang'anya kikombe, akanywa mvinyo wote kwa mkupuo, palepale aliposimama. Akajifuta mdomo.

"Mimi nimechoka," alisema. "Waambie hao waamuzi wako, mimi nimechoka. Zabibu sianiki tena. Safani, watilie watu, mtungi uishe leo."

Majirani wakanywa kwa aibu, kama walio msibani. Abdeshmuni akakaa kwenye kizingiti. Baada ya kitambo Arishati akaja na gudulia la maji, akamimina ndani ya kikombe kilekile alichonywea. Hakukisuuza. Mabaki ya mvinyo yakaelea, maji yakapata wekundu kidogo.

Abdeshmuni aliyatazama yale maji, akamtazama mkewe. Arishati hakukwepesha macho.

Akanywa yote, akamnyooshea kikombe amwongeze.