Kumi na Sita Kati ya Kumi na Saba

Bardhyl, mkuu wetu wa afya wa wilaya, aliingia zahanatini kwangu Alhamisi asubuhi, kompyuta kwapani, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Rudina, saa sita takwimu za chanjo ya surua zinapanda makao makuu Tirana. Chini ya asilimia tisini na tano, kijiji kinapoteza zahanati. Una watoto arobaini na mmoja. Weka alama za vema arobaini, unywe kahawa yako."

"Nimechanja kumi na sita."

"Mwaka jana uliwawekea vema wote. Nani alikufa?"

Hapo alinigusa pabaya. Daftari langu lina majina arobaini na moja, lakini watoto wanaolia hapa kijijini Gurisht ni kumi na saba. Wengine wako Ugiriki, Italia na Ujerumani, na wengi hawajawahi kukanyaga mlima huu. Mtoto akizaliwa huko, bibi yake huku anashuka na boksi la peremende kumwandikisha kwangu. Jina likishaingia daftarini, mtoto ni wa Gurisht, na huwezi kumwambia bibi kitu.

Mwaka jana nilitii. Mtoto mmoja, Enkel, alikuwa Athens nilipomwekea alama. Mwezi wa tatu wazazi wake wakarudi naye, nami sikumwita. Nimwite wa nini, wakati daftari linasema amechanjwa? Mwezi wa nne akashikwa na surua, na leo sikio lake la kushoto halisikii. Babu yake hakunilaumu. Bado ananiletea jibini kila Jumamosi, na kila Jumamosi najichukia.

"Sipiki takwimu tena," nilisema. "Futa walio nje, hesabu walio hapa."

Bardhyl alicheka. "Utaratibu unaujua. Jina halifutwi bila sahihi ya familia. Nenda kaombe sahihi kwa Bibi Feruze, tuone utarudi na meno mangapi. Ukishindwa, weka vema au weka funguo mezani."

Bibi Feruze ana wajukuu saba daftarini, na mwaka juzi alinifukuza na ufagio kwa kuuliza tu. Nilibeba daftari nikapanda kwake, hasira ikinisukuma kuliko miguu. Nilimkuta anasukuma unga wa byrek, pai yetu ya jibini.

"Umekuja tena kuniulia wajukuu?"

"Nimekuja kuwatoa kwenye orodha ya chanjo, bibi. Si kwenye ukoo."

"Ni yaleyale! Wakitoka humo watakuwa wa wapi? Wa Munich?"

"Bibi, mwaka jana nilimwandikia Enkel sindano ambayo hakuchomwa. Nilidanganya kwa mkono huu huu. Nikiendelea, atafuata mtoto mwingine."

Mikono yake ilisimama juu ya unga. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo.

"Nikitia sahihi, watarudi?"

"Hapana."

"Na nisipotia?"

"Hapana, bibi."

Alijifuta mikono kwenye aproni, akatia sahihi mara saba, polepole, akisoma kila jina kwa sauti. Kisha akajifunga kitambaa kichwani.

"Twende. Kwa jirani yangu Qamile usifungue mdomo, wewe huna adabu. Niachie mimi."

Tuligonga nyumba nyingine nane. Kulikuwa na kelele na machozi, na mzee mmoja alimtukana mama yangu aliye kaburini. Saa tano na nusu nilikuwa na sahihi ishirini na nne. Bibi watano walinifuata hadi zahanatini, maana baada ya uchungu ule walitaka kuona kazi imekwisha.

Bardhyl alihesabu sahihi mara mbili. Akapiga hesabu kwenye kompyuta, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Tisini na nne! Maskini Rudina, umekosa asilimia moja! Huyo mmoja ni nani?"

"Drilona, mjukuu wa Qamile. Ana homa kali. Nitamchanja Jumatatu."

"Basi mwandike leo, umchanje Jumatatu. Nani atajua?"

Sitajifanya malaika: nilishawishika. Mtoto mmoja, siku nne, na zahanati inabaki. Kisha nikakumbuka jibini.

"Nikimchanja Jumatatu, nitaandika Jumatatu."

Nilivuta kompyuta yake, nikaandika kumi na sita kati ya kumi na saba, nikatuma kabla hajanishika mkono. Halafu nikaweka funguo mezani mwenyewe.

"Una wazimu," alisema. "Kwa ajili ya mmoja?"

Akanyoosha mkono kuzichukua. Bibi Feruze akamtangulia, akazifunika kwa kiganja chake ambacho bado kilikuwa na unga.

"Mimi leo nimefuta saba, mwanangu. Usiniambie mmoja ni kidogo."

Bardhyl aliwatazama wale bibi mmoja mmoja. Hakuna aliyeinamisha macho. Akafunga kompyuta yake, akaondoka bila kuaga.

Barua ya kutufunga inaweza kuja wakati wowote. Ije. Jumatatu nilifungua mlango kwa funguo zilezile, nikamchanja Drilona, naye akapiga ukelele wa kuamsha mlima mzima. Enkel alikuwa uani akicheza. Aliuliza nani analia, akageuza kichwa ili asikie kwa sikio lililobaki.