Kiganja cha Shangazi

Vumbi la penseli lilikuwa bado kwenye karatasi, jeusi, laini, liking'aa kidogo dirisha lilipofunguliwa. Miaka arobaini limekaa palepale. Limekataa tu kuondoka.

Mwanafunzi akaliinamia. Miraba sita kila karatasi, filamu nzima kabla kamera haijawashwa: mlango unafunguka, mwanamke anageuka, mshale unaiamuru kamera imfuate. Nani alichora?

Mwongozaji, vilijibu vitabu, bila hata kukohoa. Vitabu vya historia ya filamu, jamani! Kamera ina sura yake, taa ina sura yake, hata kiti cha mwongozaji kimepigwa picha. Mchoraji kapewa mistari miwili, na pichani penseli kaishika mwongozaji.

Ushahidi wao ni muhuri. Kila karatasi imegongwa jina la bwana mkubwa, na wasomi, miwani puani, wakauita sahihi. Kumbe karani wa studio aliugonga ili karatasi za filamu hii zisichanganyike na za ile!

Nani alichora? Litazame vumbi. Limeburutwa kuelekea kulia, mstari baada ya mstari, na kiganja kilichoifuata penseli kwa nyuma. Mkono wa kushoto huo. Mwongozaji alikula kwa kulia, akaandika kwa kulia, akafokea watu kwa kidole cha kulia. Wa kushoto ni shangazi yake mwanafunzi, aliyekuwa mchoraji wa studio hiyo.

"Waachie tu, mwanangu," shangazi alimwambia. "Filamu si ilitoka?"

"Ilitoka, shangazi. Jina lako ndilo halikutoka."

Sasa tasnifu iko mezani kwa profesa, na profesa hana shida na mtu. "Andika mwongozaji, binti, upate shahada yako. Ukikataa, utarudia mwaka. Shangazi si ushahidi."

"Kiganja chake je, mwalimu?" Akamsogezea karatasi tupu na penseli laini. "Chora kwa kushoto. Mistari mitatu tu, haiumi."

Profesa akacheka, akachora. Kicheko kikaishia mstari wa pili.

Nani alichora? Binti hakungoja jibu. Akafungua ukurasa wa kwanza wa tasnifu, akaandika kwa wino, herufi kubwa: MCHORAJI NI SHANGAZI YANGU. Akausukuma mbele.

"Haya, mwalimu. Nifelishe."

Kalamu nyekundu ikainuka, ikaganda hewani. Kiganja cha kushoto cha profesa kilikuwa cheusi tii, kinang'aa mbele ya dirisha, na vumbi, sasa limehamia kwake, halikuwa na haraka ya kutoka.