Weupe Ndio Waliobeba

Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kutia chumvi, lakini ndoto hii sikuigusa hata chembe. Asubuhi hiyo ilisomwa hitima ya arubaini ya mke wangu Siwatu. Pilau ikaliwa, watu wakalia, nami nikakaa kama gogo. Shemeji yangu Mwajabu, mdogo wake marehemu, akanikabili mbele ya wageni: "Shemeji, siku arubaini jicho kavu! Ulimpenda dada yangu, au ulipenda mchuzi wake?" Miaka thelathini niliosha vyombo katika maabara ya utafiti wa mihogo, nikaokota elimu ya wataalamu kwa kuchungulia, lakini hilo moja sikulijua. Nikajilaza mkekani, usingizi ukanichukua na swali lake kifuani.

Nikajikuta katika nchi ya baridi isiyouma, penye maktaba isiyo na kitabu kizima hata kimoja. Mlangoni alisimama bibi aitwaye Subira. "Kila aliyeishi hukatwa hapa vipande vipande kama kitabu," akasema. "Kila ukurasa hushonwa ndani ya pete, na pete hiyo hupewa kijidudu mmoja aitunze. Hajui kusoma, ila hunakili: leo yuko peke yake, kesho ni kijiji. Ukurasa wa mkeo umo. Mtafute aliyeubeba." Moyo haukushtuka, miguu tu ndiyo iliyokwenda.

Sinia zilitandazwa hadi macho yalipokoma, zimejaa uji ulioganda, na juu yake vijidudu wameketi makundi makundi, wengine wa buluu inayong'aa, wengine weupe kama ugali wa jana. Mmoja wa buluu, Bwana Majivuno, akapaza sauti: "Mzee, njoo hapa! Huoni nilivyolia mpaka nikakolea rangi?" Nikaifungua pete yake. Ilikuwa imejifunga yenyewe. Ndani hamna kitu. Subira akaguna. "Pete tupu ndiyo hutoa rangi. Ukurasa ukiingia, rangi hukatika. Kamuulize yule aliyepauka."

"Unaitwa nani?" nikamuuliza.

"Ganzi," akanong'ona.

"Umebeba nini?"

"Sijui kusoma, babu. Nangoja nusu yangu inayoshikana nami."

Nikakumbuka kwamba nusu hiyo ninayo mimi: uongo niliomsimulia Siwatu kila jioni jikoni, naye akaujibu. Nikaanza, "Siku moja nilimfunga kiboko jembe, nikalima naye ekari tano..." Na kwa kinywa cha Ganzi ikatoka sauti ya Siwatu, kama alivyonijibu miaka yote: "Haya, danganya polepole, nisikie vizuri."

Nikaamka alasiri, jicho kavu vilevile. Lakini sasa nilijua: sikuwa mtupu, nilikuwa nimebeba. Mwajabu alikuwa uani akisugua masufuria. Nikamsimulia maktaba, sinia, Majivuno na Ganzi. Nilipofika kwa kiboko, kabla sijaitaja ile sauti, akanitupia jicho la pembeni.

"Haya, shemeji," akasema, "danganya polepole, nisikie vizuri."

Nikamwomba aseme tena.