Ute wa Yai Ndani ya Damu

Mimi mayai yananitia kinyaa. Kwetu Nyansurura, mama yangu alikuwa hali yai, wala shangazi zangu, maana mila iliwakataza wanawake, na ilipolegea mimi sikuona cha kutamani. Ule ute unaovutika kama kamasi, sijui nani aliuita chakula.

Kwa hiyo Daktari Olima aliponionyesha mkojo wangu nilitaka kukimbia. Miguu ilikuwa imenivimba, nikamfuata kwenye zahanati yake Bomani. Vipimo vya karatasi vilikuwa vimeisha, akauchemsha mkojo kwenye kichupa cha kioo. Ukaganda, mweupe, mbele ya macho yangu.

"Hii ni albumini," alisema. "Protini ya damu. Warumi wa kale, kitu cheupe walikiita albus, na ute wa yai wakauita albumen. Wataalamu walipokuta kwenye damu kitu kinachoganda hivi kikipata moto, wakakipa jina la ute wa yai. Ndiyo inayoshika maji ndani ya mishipa. Yako inavujia kwenye figo, maji yamekimbilia miguuni."

Yaani ute wa yai umo kwenye damu yangu, na mimi naukojoa. Nilitema mate dirishani, adabu ikae pembeni.

"Kwenu nani anachoma dhahabu?" daktari aliuliza.

"Baba Eunice, mume wangu."

Tangu dhahabu ionekane huku, Mwikwabe wangu huyo ameacha ng'ombe. Vumbi la dhahabu analikamata kwa zebaki, kisha anaichoma zebaki jikoni kwangu mpaka ibaki dhahabu tupu.

"Zebaki ndiyo inakula figo zako. Mwambie aihamishe kabla hazijafa kabisa. Na wewe ule yai kila siku, dada, hata kama hupendi."

Mwikwabe alinisikiliza, akahamishia moto wake nyuma ya zizi jioni hiyohiyo. Asubuhi akanikaangia yai mwenyewe. Mwanamume wa Kikurya, jikoni, kwa ajili ya mke! Nilimpenda upya. Nikafumba macho, nikameza tonge la kwanza.

Nilipofumbua, nikakiona kikaango. Ukingoni kilikuwa na utando wa kijivu wa zebaki. Ndicho anachochomea dhahabu.

"Nimekisugua na majivu, mama Eunice," alisema kwa fahari. "Kimetakata."

Nilitapika palepale mlangoni. Nilipoinua kichwa, Eunice wetu alikuwa kwenye kigoda, analamba sahani. Baba yake alikuwa amempakulia kwanza.