Sare Kumi za Kwanza

Gari lilikuwa limeshawashwa na Fundi Mkasi bado anatoa maagizo. Mguu mmoja ndani, mguu mmoja chini, mkono umeng'ang'ania mlango. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, kwa hiyo alikuwa akimwangalia dada yake kwa kukisia, hatua moja kushoto mwa pale aliposimama.

"Kifua, ongeza inchi nne," alisema. "Kiuno nne. Nyonga nne. Muuguzi anainama, anabeba watu, anakimbia. Ukimbana atachanika kwapa siku ya kwanza."

"Nimesikia, kaka."

"Bega usiongeze kitu. Bega ni bega."

"Umeshasema mara tatu."

"Hii ya nne." Akaingiza mguu wa pili. "Na sikia, mdogo wangu. Kule kwa mwanangu chumba chako kimeshafagiliwa. Ukiharibu kazi hii nakuja kukuchukua mwenyewe. Sitaki kusikia unahangaika peke yako na vitambaa vya watu."

Binti yake, aliyeshika usukani, akachungulia dirishani. "Shangazi, fanya lile zoezi la kwanza la kompyuta leo leo, usililaze. Ukikwama nipigie."

Wakaondoka. Bi Chaki akabaki mlangoni mpaka gari likakata kona, kisha akaingia ndani akaketi, akasimama, akaketi tena. Jina hilo la Chaki alipewa mtaani kwa sababu ya kile kipande kilichokaa nyuma ya sikio lake siku zote, hata akienda msibani. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yao ilikuwa imegawanyika sawasawa: kaka anapiga hesabu na kukata, dada anapima na kushona. Kaka hakuandika hesabu hata moja. Alikuwa anasomewa vipimo, anafumba macho kidogo, midomo inacheza, halafu mkasi unaanza kutembea. Sasa macho yamekwenda, na ile hesabu imepanda gari pamoja naye.

Kilichobaki ni sare arobaini za wauguzi. Metroni wa hospitali alikuwa amesema wazi, bila kuzungukazunguka: "Jumamosi ya wiki ijayo nileteeni kumi, nizione mwilini. Zikikaa, zilizobaki ni zenu, na za mwakani pia. Zisipokaa tusilaumiane."

Bi Chaki alijua maana ya kutokaa. Aliwahi kwenda kule kwa binti wa kaka yake kutembea wiki mbili. Siku ya nne alikuwa ameshapinda mapazia yote ya nyumba. Siku ya sita wakamkuta anapinda matambara ya kufutia vyombo. Watu wema sana wale, kila saa "shangazi pumzika, shangazi kaa." Kupumzika kulikaribia kumuua.

Wazo la kompyuta lilikuwa la huyo huyo binti, ambaye ndiyo kazi yake. Alimwachia shangazi yake kompyuta ya zamani ya kukunja, baada ya kumfundisha jioni tatu juu ya meza ya kukatia. Bi Chaki alikuwa na shule ya vipande vipande, darasa hapa, darasa kule, lakini kibodi hakikumtisha; mtu aliyeendesha cherehani ya umeme maisha yake yote haogopi vitufe.

"Mambo ni matatu tu," binti alimwambia. "Programu inauliza, inapiga hesabu, inatoa jibu. Kinachoingia, kinachofanyika, kinachotoka."

"Kama cherehani."

"Kama cherehani kabisa. Ukiipa kitambaa kilichokatwa vibaya, itakushonea vizuri sana kitu kibaya."

Basi Jumatatu hiyo hiyo, kabla hata vumbi la gari halijatulia, Bi Chaki akaandika zoezi lake. Mstari wa kwanza unauliza: Kifua ngapi? Wa pili unaongeza nne. Wa tatu unaonyesha jibu. Akaiendesha. Ikamuuliza, akajibu 38, akabonyeza. Ikamletea 384.

Akasogeza miwani. 384.

"Huyu si muuguzi," aliiambia kompyuta, "huyu ni tangi la maji."

Akampigia binti, ambaye alikuwa bado njiani na akalazimika kusimamisha gari pembeni kwa kucheka. "Shangazi, kila unachoandika inakipokea kama maneno. Hiyo thelathini na nane yako, kwake ni kama jina la mtu. Ukiiambia iongeze nne, inaibandika pembeni. Iambie kwanza kwamba hiki nilichokupa ni namba."

"Kwani haioni?"

"Haioni kitu. Inapokea tu."

Nyuma ikasikika sauti ya Fundi Mkasi: "Kuna nini? Ameshaharibu?"

Kesho yake wauguzi kumi wakaja kupimwa, wawili wawili kati ya zamu. Bi Chaki akapitisha tepu kama alivyofundishwa na kaka yake tangu usichana, akaandika kwenye daftari kama mafundi wote wanavyoandika: 38 na nusu, 41 na robo, 36 na robo tatu. Jioni akakaa kuiingizia kompyuta. Alipoandika "38 na nusu" programu ikaanguka chali na kumtupia mistari myekundu. Akaandika upya, ikaanguka upya. Hakupiga simu. Alikaa akaitazama kama anavyotazama cherehani inayokata uzi, mpaka akaona kwamba anaidai kitu ambacho hajaifundisha. Akaligawa lile swali mara mbili: kwanza inauliza inchi nzima, halafu inauliza robo ngapi, sifuri mpaka tatu. Ikakubali. Akaiongezea mstari wa kuhifadhi majibu kwenye faili, kila muuguzi na namba zake chini yake, akazinakili kwenye karatasi na kuzitundika ukutani kwa pini.

Jirani yake, Fundi Soli, mshona viatu wa chumba cha pili, alipita akasimama mbele ya karatasi zile mikono nyuma. "Bi Chaki, umeajiriwa serikalini?"

"Pita zako."

"Nauliza tu. Nikitaka kuingia kuazima sindano niandike barua?"

Mpaka Ijumaa alikuwa amekata sare tatu na kuzishona. Mchana ule akaja muuguzi wa kwanza kujaribu, mmoja mfupi, mchangamfu, mwenye haraka ya kurudi wodini. Akaingia nyuma ya pazia. Akatoka.

Sare ilikuwa inaning'inia. Kifuani kumejikunja, kiunoni unaweza kupitisha ngumi, nyonga zinapeperuka.

"Mama," alisema yule muuguzi kwa upole, "nimeshonewa mimi, au mimi na mgonjwa wangu?"

Bi Chaki alicheka kwa adabu, akaibana kwa pini, akamwambia arudi wiki ijayo. Alipobaki peke yake kicheko kikakauka. Akapima ile sare: kifua 42. Akatazama karatasi: 42. Akatazama daftari: 38. Akaongeza nne kwa vidole, kama mtoto: 42. Kushona hakukosea, kukata hakukosea, mashine haikukosea. Na sare ni gunia.

Akampigia binti, akamsomea programu mstari kwa mstari, nukta kwa nukta.

"Haina kosa, shangazi."

"Basi aliyekosea nani?"

"Umeingiza vipimo gani?"

"Vile nilivyowapima kwa mkono wangu huu."

"Mimi naona kinachoanzia kwenye kibodi. Kabla ya hapo sioni kitu. Shangazi... nimwambie baba?"

"Usithubutu."

Alijua akiambiwa tu, Jumapili gari litakuwa mlangoni. Akaenda chumba cha pili.

"Fundi Soli, njoo nikupime."

"Mimi? Sare ya uuguzi? Sindano zenyewe naziogopa."

"Nataka mwili tu. Njoo."

"Ah, mwili tu." Akaja, akanyoosha mikono pembeni kama mtu anayekaguliwa getini. Bi Chaki akapitisha tepu kifuani, akaibana, akasoma: 40. Akarudia. 40.

"Samahani," alisema Fundi Soli akiwa bado amenyoosha mikono. "Na hivyo vidole?"

"Vidole gani?"

"Hivyo viwili ulivyovichomeka kati yangu na tepu. Na vyenyewe ni mimi? Au ndiyo utanishonea navyo, vibaki humo vikinikumbatia?"

Bi Chaki akatazama mkono wake. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilikuwa vimelala ndani ya tepu kama vilivyolala kila siku, kwa kila mteja, tangu alipokuwa msichana. Hakuwahi kuviona. Akavitoa, akaikaza tepu. 38.

Akavirudisha: 40. Akavitoa: 38.

"Nishushe mikono?" aliuliza Fundi Soli.

"Shusha. Mungu akuweke, jirani."

"Mbona sijaelewa?"

Akashika simu mwenyewe. Sasa hapakuwa na cha kuficha.

"Kaka, ulinifundisha kupima vidole viwili vikiwa ndani?"

"Vidole gani?"

"Vyangu! Vyako! Ndani ya tepu!"

Upande wa pili ikasikika sauti ikielekea kwingine: "Hebu nileteeni tepu. Wewe, simama hapa. Nyoosha mikono." Vikasikika vishindo na kicheko cha mtu. Fundi Mkasi akarudi kwenye simu akiwa mpole ghafla. "Vimo," alisema.

"Na nikikusomea vipimo vyenye vidole, ulikuwa unaongeza ngapi?"

Akasikia anavyopumua. Alikuwa amefumba macho bila shaka, midomo inacheza. "Mbili," alisema. "Yaani nguo inatoka na nne, lakini... mbili za mkono, mbili za kichwa. Mdogo wangu, siku zote hizo mimi najua naongeza nne. Sijawahi kuzigawa."

"Sasa zimegawanyika."

"Umeharibu ngapi?"

Angeweza kusema hakuna. "Tatu. Ni kubwa, zinapungua. Nazifumua leo."

"Nije kukuchukua?"

"Ukija, uje kutembea. Uniletee na uzi mweupe, huku umeadimika."

Alasiri hiyo hakugusa mkasi. Alifikiri kwanza abadili mkono, apime bila vidole, akaona hapana, mkono wa miaka mingi namna hiyo utarudi wenyewe siku akiwa amechoka. Programu ndiyo inayofundishika. Akaiongezea swali jipya juu kabisa: Vidole vimo? Ikiambiwa ndiyo, iongeze mbili, vinginevyo, nne. Akajaribu. Akaandika "Ndiyo", ikaongeza nne. Akakunja uso. Akarudi kwenye mistari, akaona yeye ameifundisha "ndiyo" yenye herufi ndogo tu, na ile yenye herufi kubwa kwake ni mgeni asiyejulikana. Akaifundisha ikubali zote mbili. Kisha akaiongezea na "eeh", maana alijijua. Na mtu akiandika chochote kisicho ndiyo wala hapana, isibahatishe: iulize tena.

Saa kumi na mbili kasoro alikuwa na karatasi kumi mpya ukutani. Zile za zamani alizichana mwenyewe, moja moja, kusije kukachanganyika.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Metroni alifika na wauguzi wake kumi, wakaishona nafasi yote ya kile chumba kwa migongo. Hakutazama mishono. Aliwapanga wakiwa wamevaa, akasema: "Mikono juu." Mikono ikapanda. "Inameni, nyanyueni mgonjwa." Wakainama, wakanyanyua hewa. "Chuchumaeni." Yule mfupi akachuchumaa akasimama, akajipapasa kiunoni, akamkonyeza Bi Chaki. Hakuna mshono uliolia, hakuna kilichoning'inia. Metroni akazunguka mara moja, akavuta pindo la mmoja, akaliachia.

"Hao thelathini," alisema, "nikuletee lini?"

"Jumatatu," alisema Bi Chaki. "Wawili wawili."

Sare zote zilikwisha ndani ya miezi miwili, na za mwaka uliofuata zikaletwa hapo hapo. Metroni alistaafu, aliyemfuata alibadilisha rangi, hakubadilisha fundi. Yule muuguzi mfupi alihamishiwa hospitali nyingine, akaacha sare zake kwa mwenzake. Fundi Mkasi alipasuliwa macho, la kulia likaona, la kushoto likakataa. Anaishi kwa mwanawe na hajashika mkasi tena. Binti bado anafanya kazi ya kompyuta. Fundi Soli alihamia mtaa wa nyuma ya soko, anakopata wateja zaidi. Bi Chaki alichukua mwanafunzi mmoja, mwanamke wa makamo aliyefiwa na mume, akamfundisha kushona. Yeye mwenyewe anakata.